Lakiri Chini ya Uso wa Saa

9 Machi 1988

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na magoti yamepunguza kiburi. Sisi huku tupo. Mama ameanza kula, ingawa bado akipakua chakula anatoa sahani tatu, halafu ya tatu anairudisha kabatini polepole na mimi najifanya sikuona. Nimesharudi kazini, kule chumba cha kufulia cha hospitali. Wenzangu walinionea huruma wakaniweka kwenye kukunja mashuka badala ya kupiga pasi. Kukunja kuna ubaya wake, kwa sababu mikono inafanya kazi na kichwa kinabaki bure.

Shangazi, Baba ameniachia saa yake ya mkono. Huenda huijui, maana kila alipofunga safari ya kuja kwako aliivua akaitia ndani ya kikombe cha kunyolea, juu ya kabati. Nilidhani anaogopa vibaka wa njiani. Siku nyingine zote ilikuwa mkononi mwake, na haitembei. Tangu nipate akili sijawahi kuiona ikitembea. Wateja wakimtania pale kitini, "Kinyozi, saa yako imekufa," yeye huwajibu, "Imelala. Punguza sauti."

Jina la walioitengeneza limefutika, kioo kimekuwa rangi ya chai, na mkanda ni wa juzijuzi. Mama nikimuuliza ilitoka wapi anasema hajui, kisha anakumbuka kitu jikoni. Wewe ndiye uliyewalea ndugu zako, utajua. Aliinunua lini? Nataka kuipeleka kwa fundi. Nyumba hii imekuwa kimya mno tangu mkasi wake unyamaze, nami nataka kitu chake kimoja kitembee.

Na lile jambo letu bado lipo palepale. Chumba chake cha kunyolea tumekisafisha na dirisha linafunguka. Njoo ukae nasi, Shangazi. Mwenye nyumba wako hatakungoja milele.

Mwanao.


S.L.P. 214
2 Aprili 1988

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imechelewa kwa sababu umebandika stempu upande wa kushoto, kama mtu aliyezaliwa jana. Mimi niliyepanga barua za watu mpaka vidole vikawa na macho yake, mtoto wa kaka yangu ananiaibisha mbele ya posta nzima.

Magoti ni yaleyale. Mazishini nisingefika, na ningefika mngezika wawili. Nilikaa hapa chumbani nikamlilia ndugu yangu mbele ya ukuta, na nyuma ya ukuta mwenye nyumba anapanga mabati ya dukani kwake. Anakitaka chumba changu kiwe stoo. Kila mwisho wa mwezi anakuja kunijulia hali, na macho yake yanapima upana wa kitanda.

Wifi yangu mwambie sahani ya tatu aiache mezani. Hakuna aibu.

Kuhusu kuhama nimekwisha kukujibu, lakini wewe una masikio ya kupambia. Siwezi kuliacha sanduku hili la posta. Unajua kwamba una baba mdogo, kitindamimba wetu, aliyeondoka hujazaliwa kwenda kutafuta maisha. Mama yetu alifariki siku aliyomzaa. Mimi nilikuwa msichana mdogo, nikamfunga mgongoni, na sikumshusha mpaka alipokuwa mzito kuliko mimi. Kitinda hana anwani yangu nyingine ila sanduku 214. Usiniambie kwamba posta watanifuatishia barua. Huzifuatisha kwa muda mfupi tu, kisha sanduku anapewa mtu mwingine, na barua inarudi ilikotoka na muhuri wa HAJULIKANI. Muhuri huo nilikuwa naugonga mimi. Siwezi kumgongea Kitinda.

Baba yako ndiye aliyekuwa akiniletea habari zake. Kulikuwa na mteja wake mmoja, mtu wa safari, aliyekuwa akikutana naye huko aliko. Amenenepa, ana mke, ana watoto wawili. Nilifuma masweta ya watoto hao mwaka hadi mwaka, kila safari nikiongeza kipimo, na baba yako akayabeba ampe huyo mteja ayafikishe. Sasa amekufa na uzi wa habari umekatika. Nitafutie huyo mteja, mwanangu. Hilo tu nakuomba.

Saa siijui. Baba yako na ubahili ule anunue saa, tena mbovu? Labda mteja aliiacha rehani ya kunyolewa. Usipoteze pesa.

Shangazi yako.


30 Aprili 1988

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na stempu nimeibandika kulia, ukague. Mama anakusalimu. Sahani ameiacha mezani siku mbili, siku ya tatu akamwekea paka, kwa hiyo naona anapona.

Huyo mteja nimemuulizia kwa wanyozi wenzake na Baba, hakuna anayemkumbuka. Nitaendelea kuuliza.

Lakini saa, Shangazi, si ya kutupa. Nimeipeleka kwa fundi wa nyuma ya duka la viatu. Ni mzee mwenye kioo cha kukuzia jichoni, na amejaza boksi zima la saa zilizokufa, anaziita maiti, anatoa vipuri huku anaziomba radhi. Alipoifungua ya Baba aliniambia nisogee nione. Anasema ni kazi nzuri ya zamani, ya kutia ufunguo, wala haina mshale wa sekunde. Lakini kuna mtu aliigeuza. Kidude cha kutilia ufunguo kwa kawaida huwa kulia, na hii kiko kushoto. Mimi nimeiona miaka yote na sikuwahi kujiuliza. Uso wa saa una vijiguu viwili nyuma vya kuushikilia. Fundi wa zamani alivikata, akauzungusha uso kichwa chini miguu juu, halafu akaubandika upya. Na unajua aliubandika kwa kitu gani? Kwa lakiri. Lakiri nyekundu, ileile ya kufungia vifurushi vya posta. Yule fundi mzee alicheka mpaka kioo kikamdondoka jichoni. Anasema katika kazi yake yote hajaona saa nyingine kama hiyo.

Ndani ilijaa tope laini lililokauka. Anasema tope la namna ile haliko juu ya ardhi, hulitoa wachimba visima. Nami nikacheka, maana Baba hakuogopa kitu duniani ila kisima. Kisima cha watu kikiwa njiani atazunguka mtaa mzima asikipite.

Springi ilikatika na magurudumu yameliwa na kutu, ila maiti moja ina vinavyofanana. Itapona. Je, umekumbuka chochote?

Mwanao.


S.L.P. 214
21 Mei 1988

Mwanangu,

Nimepata barua yako. Mimi mzima.

Muulize fundi mambo mawili, na unijibu hayo tu. Kwanza, ana hakika kidude kiko kushoto, au aliishika saa juu chini? Pili, hiyo lakiri ni nyekundu kweli, au ni gundi iliyopata kutu?

Mwulize vizuri. Watu wanaochungulia kwa jicho moja hukosea.

Shangazi.


3 Julai 1988

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo sana. Samahani kwa kuchelewa, kazi zilikuwa nyingi, wagonjwa wameongezeka na mashuka nayo. Mama hajambo kabisa. Paka amezaa.

Nimemuuliza fundi. Kumbe nilikuwa nimeelewa vibaya, unajua mambo ya ufundi siyajui. Kidude kiko kulia kama cha saa zote, na ile nyekundu ni kutu tu. Saa yenyewe ni ya kawaida. Pengine ulivyosema ndivyo, iliachwa rehani.

Habari njema ni kwamba yule mteja wa Baba nimempata. Ni mzee sasa. Anasema alimwona Baba Mdogo mwaka jana tu, mzima, mvi zimemjaa, na bado anavaa ile saa uliyompa. Watoto wamekuwa wakubwa. Alikusalimu.

Basi Shangazi, usiwe na wasiwasi, njoo ukae nasi. Nitampa huyo mteja anwani yetu aipeleke.

Mwanao akupendaye.


S.L.P. 214
25 Julai 1988

Mwanangu,

Marahaba. Kwanza nikuambie kwamba barua yako niliiamini. Niliiweka chini ya mto, nikaiamini kwa nguvu zangu zote zaidi ya wiki. Nilikwenda posta na mkongojo wangu nikiwa nacheka, yule kijana wa dirishani akauliza kama nimeolewa.

Halafu nikaisoma tena. Mimi najua barua iliyofunguliwa ikafungwa upya, hata kama gundi ni nzuri. Hakuna siku niliyokuandikia kwamba nilimpa Kitinda saa. Siku ile nilikwambia saa siijui, na saa yake sikuitaja. Ni nani amekwambia? Huyo mteja, ambaye wanyozi wote hawamjui? Au ni mama yako, jikoni?

Sasa nitakwambia mimi, kwa sababu nikikaa kimya nitapasuka.

Kitinda alikuwa na shoto. Shuleni walimpiga vidole ili aandike kwa kulia, nikaenda kugombana na mwalimu, mimi na sare yangu ya posta, nikamwambia Mungu aliyempa mkono huu hakukosea hesabu. Alipopata kibarua chake cha kwanza nikamnunulia saa. Mkono wa kushoto ndio wa kazi, kwa hiyo aliivaa wa kulia, na kila akitaka kuitia ufunguo lazima aivue. Alisema, "Dada, hata saa zimetengenezwa kwa ajili ya nyinyi wa kulia." Alisema kwa utani, lakini ilinikera. Nikaipeleka kwa fundi nikamwambia aigeuze. Fundi akakata vijiguu, akaona uso hauna pa kushika, akaniuliza nina kitu gani cha kuubandikia. Nilikuwa na kipande cha lakiri mfukoni mwa sare, lakiri ya posta, nyekundu. Tuliiyeyusha kwa kiberiti changu. Fundi yule akasema, "Bibie, saa hii ikipotea popote duniani, wewe utaitambua."

Basi nimeitambua.

Na alipoondoka, aliondoka na watu wa kuchimba visima. Unaona sasa. Uliniandikia yote kwenye barua moja, huku unacheka, nami sikulaumu hata chembe.

Nyinyi huko mmerithi saa na uongo wake pamoja. Uongo mwachie aliyelala nao. Niandikie ukweli, halafu niletee saa yangu.

Shangazi yako.


14 Agosti 1988

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi, nikachana.

Ni kweli. Nilipopata yale maswali yako mawili nilimsomea Mama. Alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini akasema, "Usimjibu." Ndipo akaniambia.

Baba Mdogo alikufa mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Kuta za kisima ziliporomoka akiwa chini. Wenzake walimfukua, ikawa amechelewa. Wawili kati yao walikuja na saa imefungwa kwenye kitambaa wakamkuta Baba ananyoa. Alimmalizia mteja kichwa chake, Mama anasema, hakumkata hata kidogo, kisha akawaaga wote kwamba anakwenda kununua kiti kipya cha kunyolea. Alikwenda kumzika ndugu yake. Alirudi bila kiti. Kuna watu walimcheka kwa safari hiyo miaka mingi, naye akacheka nao.

Wewe ulikuwa hospitali wakati ule, umepasuliwa, na madaktari walisema usishtushwe. Baba alisema atakwambia ukipona. Ulipopona ukamuuliza, "Kitinda hajambo?" akajibu, "Hajambo." Mama anasema alirudi nyumbani akasema, "Neno limenitoka, sasa nitalirudishaje?" Baada ya hapo kila safari aliongeza kidogo. Akampa mke. Akampa watoto. Mama alimgombeza, akamjibu, "Ungemwona anavyofurahi."

Shangazi, masweta niliyavaa mimi. Yote. La bluu lenye vifungo vya mbao, la njano, na lile la mistari ambalo shingo ilikuwa ndogo. Nilikuwa sijui yanatoka wapi. Nilijua tu kwamba tukija kwako lazima yaachwe nyumbani, na niliumia, kwa sababu nilitaka unione nimependeza. La bluu bado ninalo.

Nilipokuandikia ule uongo nilijisikia kama Baba amenishika mkono. Sasa najua kwa nini alishindwa kuacha. Ni rahisi mno, na mtu unampenda.

Saa imepona. Fundi hakuugeuza uso, nilimkataza. Lakiri ni ileile. Nimeiweka kwenye kifurushi cha rejista pamoja na barua hii. Itie ufunguo kila asubuhi.

Nisamehe. Nimsamehe nani, mimi sijui.

Mwanao.


S.L.P. 214
19 Septemba 1988

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, ingawa mzima wa mtu aliyefiwa.

Kifurushi nilikipokea mwenyewe dirishani. Nilikisikia kabla sijakifungua. Kijana wa posta alisogea nyuma, akauliza kuna nini humo ndani kinachogonga, nikamwambia ni ndugu yangu. Aliniletea kiti.

Nimeivaa mkono wa kulia. Inanisumbua, mimi si wa shoto, lakini nimeivaa. Kwenye ukingo wa uso, pale karibu na namba sita, lakiri imechungulia kidogo, nyekundu vilevile kama siku tuliyoiyeyusha. Nimeitazama mpaka macho yakauma.

Nilimkasirikia baba yako. Sitakuficha, nilimtukana kwa sauti, na mwenye nyumba akaacha kupanga mabati kusikiliza. Kwamba ameniacha nimngoje mtu aliyekwisha kuoza, nimfumie watoto wasiokuwepo, nimwombee safari njema wakati amelala. Nilisema sitamsamehe. Kisha hasira ikachoka, nikabaki nafikiria kile kiti. Mdogo wako ukamzike, urudi kwenye mji unaokucheka kwamba umesahau kiti, na wewe ucheke. Kila nilipolilia kuchelewa kwa barua, alinipangusa machozi na yeye hana wa kumpangusa. Alivaa matanga yake mkononi miaka yote hiyo, na kwangu akayavua mlangoni. Sisi tulikuwa watatu tu, mwanangu. Ilibidi tumlilie wawili, akamlilia peke yake. Hilo ndilo linaloniua, kuliko hata uongo.

Masweta usiombe radhi. Nimefurahi. Nilikuwa nimelala na swali hilo, kwamba yalikwenda wapi, na kumbe kulikuwa na mtoto ndani yake. Ile shingo ya mistari nilijua ni ndogo, niliifuma nikiwa na hasira na mkuu wa posta. La bluu ulivae nikifika, nikuone.

Maana nakuja. Mwenye nyumba nimempa habari, amebeba sanduku langu la nguo yeye mwenyewe kwa furaha, msamehe. Mwambie wifi yangu nitamfokea siku ya kwanza kwa kunificha, siku ya pili yamekwisha, na sahani ya tatu asimpe paka tena.

Leo asubuhi nimekwenda posta mara ya mwisho. Nimefungua sanduku, nikapapasa ndani mpaka nyuma kabisa, kama nilivyofanya kila siku. Kisha nikauvua ufunguo shingoni nikamkabidhi kijana. Akachukua kalamu, akaniuliza kwa adabu, "Mama, barua zako tuzifuatishe wapi?"

Nikamwambia asijisumbue, niliyekuwa namngoja amekwisha kufika.

Usinijibu barua hii. Jibu halina pa kuja.

Shangazi yako.